Simu Uliyonitengenezea

Mwanangu Neema,

Joto la Kariakoo halinisumbui kama kosa nililolifanya hapa. Programu ya benki ilikataa kufunguka katika ule mfumo huru wa kuendesha simu ulioniwekea ili isinipeleleze, nami nikaipeleka kwa fundi simu. "Shikamoo mzee! Simu gani hii ya porini?" alicheka. "Ngoja niipige flashi, niirudishie mfumo wa kawaida, ifanane na za wenzako." Nilikubali, na kazi yako ya siku mbili ikafutika kabla sijamaliza kahawa katika mgahawa wa jirani, ambako fundi aliniletea simu mezani.

Leo asubuhi simu imeniuliza kama niliupenda mgahawa ule. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba niliingia humo.

Nisamehe, mwanangu. Nikirudi, uniwekee tena mfumo wako. Benki nitakwenda kwa miguu.

Baba yako akupendaye