Mtambo Haukusimama, Mjomba

Mpendwa Mjomba Gaspari,

Shikamoo. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu wewe mwenyewe tangu nikufahamu hukuwahi kusema jambo kwa kunong'ona. Habari njema ulikuwa unazitangaza ukiwa mlangoni mwa nyumba ya mtambo mpaka zinafika ng'ambo ya kijito, na mbaya vilevile. Basi na mimi nakutangazia: masika yamekwisha, kiangazi kimeingia, na mtambo haukusimama hata mara moja. Umeshinda, Mjomba. Tumeshinda! Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, nacheka peke yangu kama mwehu.

Wasiokujua niwaeleze kidogo. Wewe ni kaka wa mama yangu, na kwetu Uluguruni mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake. Ulikuwa mwendesha mtambo wa umeme wa misheni yetu, mtambo mdogo unaozungushwa na maji ya kijito kinachoshuka mlimani. Taa za hospitali, za kanisa na za shule zinawaka kwa huo, na mashine ya kusaga inazunguka kwa huo. Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa nafasi ya kuendelea, mama alitaka niende kwa ndugu zetu Mwembesongo, Morogoro Mjini, nikauze mitumba. Biashara hiyo ndiyo kwanza ilikuwa imefunguka na kila mtu aliuona utajiri ndani ya marobota. Wewe ukasema, "Huyu ananifaa mimi. Ana kelele kama mashine, watasikilizana." Hukuniuliza maoni yangu. Namshukuru Mungu hukuniuliza.

Nazikumbuka asubuhi zetu. Kwanza tulipanda mpaka kwenye banio, pale maji yanapoingia, tukakwangua majani yaliyonasa kwenye wavu. Tukashuka tukilifuata bomba, wewe ukiligonga kwa fimbo na kulisemesha kama ng'ombe. Ndani ya nyumba ya mtambo uligusa beringi kwa mgongo wa kiganja kusikiliza joto lake, ukapaka grisi, ukafuta vumbi ambalo mimi sikuliona, ukatazama mshale wa kipimo, ukaguna. Kesho yake yaleyale. Nilipokuuliza kwa nini tunakagua kitu ambacho jana kilikuwa kizima, ulinitazama kwa huruma. "Jana ulikula, mbona leo umekula tena?" ukasema.

Uliponifundisha kufungua valvu kubwa ulisimama nyuma yangu. "Polepole, Leokadia. Fungua kama unamfungulia mlango mgeni usiyemwamini." Maji yakaingia, gurudumu likaanza kuzungusha vikombe vyake vinavyopigwa na maji, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu mitupu. Balbu iliyo juu ya mlango ikawa nyekundu, ikawa njano, ikawaka sawasawa. Nilipiga kelele, na wewe ukapiga kubwa zaidi.

Halafu lile jarida! Mwalimu wa sayansi alikuja nalo, lina picha ya mtambo wa nyuklia huko Ulaya, minara mikubwa inatoa mawingu. Ukamtaka akueleze jinsi mtambo huo unavyofanya kazi. Akaeleza kwa bidii, mara atomu, mara joto, mpaka akafika kwenye maji yanayochemka na mvuke unaozungusha gurudumu. Ukamkatiza.

"Kwa hiyo shida yote hiyo ni ya kuchemsha maji?"

"Ndiyo, Mzee Gaspari."

"Basi hao ni wenzetu. Ila sisi maji yetu hayana maringo, yanafanya kazi hata yakiwa baridi."

Mwalimu akaongeza kwamba huko wafanyakazi wanapokezana zamu usiku na mchana, wanazunguka kutazama vipimo, kukaza, kufuta na kupaka mafuta, na ukifika wakati wake mtambo mzima unazimwa ili ufunguliwe na kukaguliwa, hata kama hauumwi. Ulifurahi mno. Ulikata ile picha ukaibandika ukutani, kando ya Bikira Maria, na kila aliyeingia alionyeshwa: "Hawa ni mafundi wenzetu."

Matatizo yetu yalikuja na soko huria, ingawa sitalilaumu kwa yote. Kahawa ilikuwa imekosa mnunuzi wa maana, lakini sasa gari la yeyote liliruhusiwa kuja kununua chochote. Malori ya Fuso yalikuwa yanasubiri mwisho wa barabara, yanapakia kabichi na karoti kwenda Dar es Salaam. Ada za shule zilikuwa zimerudi, na hospitalini nako watu walikuwa wanachangia gharama. Nani angeacha kulima? Majembe yakapanda mlima, yakashuka bondeni, yakafika kwenye kingo za kijito. Mvua ikinyesha, mashamba yalikuja kwetu kupitia bomba. Mchanga ulikula vikombe vya gurudumu, na changarawe ziliziba tundu la kurushia maji. Masika ya mwaka jana mtambo ulisimama mara nyingi mpaka masista wa hospitali wakawa wanatembea na kandili wodini.

Paroko si mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wa kuwafikiria. Akanunua jenereta la dizeli, akaliweka nyuma ya stoo chini ya turubai, akaja kukuambia mbele yangu: "Gaspari, nakupa mpaka masika ya mwakani. Mtambo ukisimama hata mara moja katika masika hayo, naung'oa. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshaniuliza." Mimi nililia. Wewe ulisubiri afike mbali kidogo, lakini si mbali sana. "Chuma chakavu labda hilo la kwake chini ya turubai!" ukasema.

Halmashauri ya parokia ilitaka itungwe sheria, alimaye kando ya kijito atozwe faini. Walidhani utashangilia. Ukawawakia. Ukawakumbusha jinsi wakati wa mkoloni wazee wetu walivyolazimishwa kuchimba ngazi kwenye mashamba haya haya, wakagoma mpaka nchi ikachafuka. "Leo mimi niwapigie filimbi dada zangu kwenye ardhi ya ukoo wao? Watanitia kwenye bomba langu mwenyewe."

Sikujua una mpango gani mpaka Jumamosi ile. Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha tangi la kutulizia, lile ambalo maji hutulia kabla ya kuingia kwenye bomba ili udongo uzame chini. Lina vyumba viwili, kimoja kikisafishwa kingine kinaendelea na kazi. Siku zote tulifungua mlango wa chini na ule udongo ukaenda zake mtoni. Siku ile ukanikataza. Tukauzoa kwa makoleo, tukaurundika kando. Ukapanda ukutani, ukaweka mikono mdomoni.

"Koletaaa! Shamba lako limefika huku! Njoo ulipokee!"

Bibi Koleta ndiye aliyekuwa na kabichi nyingi kuliko wote, na ulimi mkali kuliko wote. Sauti yake ikashuka kutoka mlimani: "Gaspari, umelewa mapema yote hii?"

"Sijalewa! Lina afya njema, limeshaoga!"

Watu walicheka bonde zima. Alishuka akiwa amejiandaa kukutukana, na akakutukana. Kisha akachota udongo kiganjani, akausugua kwa kidole. Ulikuwa mweusi, laini, una samadi aliyoipandisha mwenyewe kichwani. Akarudi nao mlimani akiwa ameufumbata. Jumamosi iliyofuata alikuja na kikapu. Baadaye wakaja wengi, kila mmoja anadai chake, na wewe ukawa hakimu. "Huu wa Prisila, naujua kwa mawe yake." Uongo mtupu, Mjomba, lakini ulisema kwa uhakika wa ajabu.

Kupandisha udongo ule mlima si mchezo, na wewe ulijua. Hukusema neno juu ya ngazi wala makingamaji. Ulisimama tu mikono kiunoni, unawasalimia kwa adabu zote wakipita wanahema. Msimu ukapita. Siku moja tukapita shambani kwa Bibi Koleta tukakuta amepanda safu za matembo, yale majani marefu yanayoshika udongo, kukata mteremko, na kando ya kijito ameacha ukanda wa majani bila kuulima. Ukafungua mdomo. Akakuwahi.

"Usijisifu, Gaspari. Si kwa ajili ya mtambo wako. Ni kwa ajili ya mgongo wangu."

Ulilirudia neno lile kila mahali, kana kwamba umepewa nishani. Prisila akapanda matembo, dada yake akapanda, na kufikia mwisho wa kiangazi mlima ulikuwa na mistari ya kijani. Tulizima mtambo tukaufungua wote. Tulikwenda Morogoro Mjini kununua beringi, na maduka yalikuwa yamejaa, hakuna tena kusubiri kibali mpaka mvi zitoke. Ulikubali kwa shingo upande kwamba hapo soko huria limetutendea haki.

Kisha ukaugua. Natamani niruke sehemu hii, lakini wewe usingekubali hadithi yako ikatwe. Ulilala hospitalini, wodi ya wanaume, mchana wa mawingu, taa inawaka juu ya kitanda chako. Nilikuwa nimekushika mkono. Ukafumbua macho. "Taa inapepesa. Nenda kaangalie mkanda." Nilikimbia. Mkanda wa kuzungushia dainamo ulikuwa umelegea kweli. Nikaukaza, nikarudi natweta, ukaitazama balbu muda mrefu. "Sasa hivi sawa," ukasema. Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na sijui mpwa gani amewahi kuachiwa mazuri zaidi. Nilikulilia, Mjomba. Mpaka leo, nikigusa beringi asubuhi, kuna siku nalia.

Baada ya maziko, maneno yalianza. Msichana atawezaje? Paroko akaniita. "Utaweza, Leokadia?" Nikajibu nitaweza. "Sharti liko palepale," akasema. Nikamwambia nami niko palepale.

Masika yaliingia kwa hasira. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, mawe yanaserereka, sauti ya maji inafunika kengele ya kanisa. Nilipanda kwenye banio asubuhi, adhuhuri na jioni, vidole vimekufa ganzi, kila nikishuka nasikiliza kama mtambo bado unanguruma. Ulikuwa unanguruma. Ilipofika Jumamosi ya wiki mbaya kuliko zote, Paroko alishuka mwenyewe na buti za mvua. Alijua kama mimi kwamba tangi likikutwa limejaa udongo, mtambo hautafika jioni. Na wanawake wakaja na vikapu vyao, bila kuitwa na mtu.

Niliomba kimoyomoyo nikafungua chumba cha kwanza. Maji yakashuka, yakashuka, na sote tukainama kuchungulia. Tukaona sakafu, Mjomba! Saruji yenyewe, na juu yake tandiko jembamba la udongo ambalo lisingejaza kikapu kimoja.

"Udongo wangu uko wapi?" Bibi Koleta akauliza.

"Uko kwako, Bibi."

Akageuka akautazama mlima. Mvua ilikuwa inampiga usoni. Akakaa ukutani, pale pale ulipokuwa unasimama wewe, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Gaspari huyu! Kaniweza. Kaniweza kabisa." Wanawake wakavipindua vikapu vitupu vikawa kofia za kujikinga mvua, wakapanda mlima wakipiga vigelegele na kukutaja jina kwa matusi ya upendo. Paroko alibaki ameegemea mlango wa nyumba ya mtambo, anasikiliza. "Ndivyo mtambo unavyotakiwa kulia?" akaniuliza. Nikamwambia ndivyo. Akatikisa kichwa akitabasamu, akaondoka kwenye tope.

Jumapili ya mwisho wa mvua alitangaza kanisani. Mtambo unabaki, jenereta limepata mteja na linakwenda Kisaki, na mwendesha mtambo wa misheni ni mimi, kwa mshahara. Mama, yule aliyetaka niuze mitumba, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na misa haikuendelea mpaka akakimaliza.

Sasa nikuambie la leo. Asubuhi hii nimefunga valvu kubwa kwa mkono wangu. Jana niliwaarifu hospitali, wakajipanga. Gurudumu likapunguza mwendo, likanyamaza, taa zote za misheni zikazimika. Mwaka jana ukimya kama huu ungewatoa watu majumbani mbio, na mimi ningekufa kwa hofu. Leo alikuja Paroko tu, taratibu, ana kikombe cha chai mkononi.

"Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna, Paroko."

"Utawasha lini?"

"Nikimaliza."

Akasema, "Haya." Akaniachia chai, akaenda zake.

Pumzika kwa amani, Mjomba wangu mwenye kelele. Chai ninaimalizia, na beringi zinasubiri kufunguliwa na kukaguliwa, hata kama haziumwi.

Mpwa wako,
Leokadia,
mwendesha mtambo