Leo Nimemgeuzia Mama Kioo Ukutani

Mdogo wangu,

Barua hii nampa dereva wetu wa gari la wagonjwa, maana simu zangu hupokei tangu ukosane na mama. Huku tuko hoi. Feni ya wodi imekufa tena, na usingizi tunauibia kwenye benchi.

Mama ana homa ya mapafu, ile ya virusi. Kila asubuhi nampaka jeli mgongoni na kupitisha mashine ileile wanayopimiwa wajawazito. Mistari myeupe ikiongezeka kwenye kioo cha mashine, mapafu yanazidi kuzidiwa. Wagonjwa wote huwageuzia kioo waone wenyewe. Mama huuliza wodi nzima isikie, "Haya daktari, wa kike au wa kiume?" Nami humjibu, "Wa kiume, tena mkaidi kama yule wako." Hucheka mpaka akohoe.

Leo weupe umejaa pande zote mbili. Mkono wangu ukageuza kioo ukutani kabla sijafikiri. Mama akanishika kiganja.

"Basi niitie huyo mkaidi," akasema.

Dereva nimemwambia asirudi bila wewe.

Dada yako