Mabele ya Bunduki

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Papa Hilaire amefika atelieni, hapa ninapotengeneza bunduki, kutoka Yanonge na bunduki yake ya calibre douze ndani ya gunia la mchele. Kitako kimevunjika shingoni — pirogue ilipinduka, bunduki ikagonga jiwe. Chuma ni kizima. Permis de chasse, kibali cha kuwinda, amenionyesha kabla sijaiomba. Mwindaji mwenye adabu, wa namna hii ni wachache.

Mti wa kitako kipya amekuja nao mwenyewe. Wenge, mweusi kama kahawa iliyoungua. Marehemu baba yake aliuweka juu ya moto wa jikoni miaka na miaka ukauke. "Maître, hii njo ya mwisho. Kama inapasuka, mingine hakuna." Nimemwambia sijawahi kupasua mti wa mtu. Nimewahi, lakini haukuwa wake.

Jumanne, 9 Septemba

Umbo limeshatoka. Sasa kazi yenyewe: kulaza chuma ndani ya mti. Unapaka chuma rangi, unakiweka kwenye tundu lake, unagonga kidogo, unainua. Mahali rangi ilipobaki kwenye mti ndipo chuma kinapogusa. Unakwangua hapo tu. Unarudia, unarudia, mpaka kikae chote. Ukikwangua pasipogusa umeacha pengo, na pengo halizibiki. Siku bunduki itakapolia, mti utapasukia hapo hapo.

Nimepaka masizi ya taa kama kawaida, kama nilivyofundishwa Kindu. Nimegonga, nimeinua, nimeangalia. Hakuna kitu. Nikavaa miwani. Hakuna kitu. Nikatoka nje kwenye jua — halafu ndipo akili ikarudi. Masizi meusi juu ya mti mweusi! Mtu wa umri wangu.

Mke wangu Safi sijamwambia. Angecheka mpaka Krismasi.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana nilijaribu ngola, ule unga mwekundu wanaojipaka wanawake, pamoja na mafuta ya mawese. Unaonekana kidogo, ila mti umeyanywa mafuta yote na alama imetanda kama uji. Nimefuta kwa petroli. Asubuhi nzima imepotea.

Leo nimemwomba Safi rouge yake ya midomo. Yeye yuko kwenye kaunta ya abiria kule uwanja wa ndege wa Bangboka, hawezi kwenda kazini bila rouge, kwa hiyo nilijiandaa kubembeleza. Haikuhitajika. "Chukua yote. Harufu yake iko inanikoroga roho." Nikachukua kabla hajabadili mawazo.

Rouge ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Inapakika nyembamba, alama inatoka wazi. Ubaya ni kwamba inaingia kwenye vinyweleo vya mti na haitoki. Mara ya tatu sikujua tena alama ipi mpya, ipi ya zamani. Nimeacha kabla ya kuharibu.

Nimerudi kula na mkono wa shati mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Kwa mwanamume mwingine ingekuwa kesi. Safi ameangalia shati, ameniangalia mimi, amesema nilioshe mwenyewe. Huyu mwanamke ananiamini. Sijui nilifanya nini kustahili, na siulizi.

Jumamosi, 13 Septemba

Rangi inayotakiwa ni nyeupe. Chaki ya shule — inadondoka kama vumbi, haishiki chuma. Dawa ya meno — inakauka kabla hujagonga. Nikakumbuka mabele, ule udongo mweupe wanaoutafuna wenye mimba. Laini, hauna mchanga, unashika hata kwenye ulimi.

Nikaenda sokoni, nikachagua vipande vyeupe kabisa, nikavivunja kuona ndani. Nainua kichwa: Mama Chantal, jirani yetu wa mbele, mikono kiunoni, anatabasamu.

"Maître Djuma. Mabele?"

"Ni ya bunduki."

"Ya bunduki." Alicheka mpaka akamshika muuzaji begani. "Bon, sawa. Ya bunduki."

Nikafikiri amefurahi tu, ni mtu wa furaha.

Nimesaga kipande, nimechanganya na vaseline kidogo. Mungu wangu, uzuri ulioje! Nukta nyeupe kwenye mti mweusi, kila moja peke yake, unaweza kuzihesabu. Ukishakwangua unafuta kwa kitambaa na haibaki hata harufu. Nimefanya kazi mpaka magharibi bila kula. Siku nzuri.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbaya.

Safi alirudi kutoka misani amekaza uso. Wanawake walimsubiri mlangoni mwa kanisa. Félicitations, félicitations, hongera nyingi. Mmoja alimgusa tumbo. Mama Chantal alimkumbatia, akamwambia mume wake anamtunza vizuri, anamchagulia mabele mwenyewe sokoni, wanaume wa hivyo hawapo tena.

Nilianza kueleza. Masizi, mti mweusi, rouge, chaki. Nilimletea hata kikombe chenye mchanganyiko. Hakukiangalia.

"Njo vile unanitangaza kwa soko? Sasa avenue muzima iko inahesabu miezi na vidole. Mutoto akikosekana, watanihesabu mimi."

Nikakiweka kikombe chini. Mara mbili tumepata mimba na mara mbili tumeipoteza, na mara zote mbili watu walikuwa wameshajua. Baada ya ile ya pili alilala ameelekea ukuta, na kila aliyekuja kumpa pole alikuja kwanza kuangalia tumbo. Tangu hapo neno lenyewe halitajwi nyumbani kwetu. Mimi nimeenda kulinunua sokoni mchana kweupe.

Amekwenda Mangobo kwa dada yake mkubwa, yaya Nadège. Amechukua begi dogo. Nimeliangalia vizuri: ni dogo.

Jumanne, 16 Septemba

Avenue yote, mtaa mzima, inajua, na kila mmoja ana lake. Muuza mkate anasema bunduki ya Papa Hilaire ina mimba yangu. Nimecheka ili yaishe. Hayaishi.

Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Mangobo, chuma cha bunduki kwenye mapaja, kimefungwa kwenye taulo, bado kimepakwa mabele. Kielelezo. Yaya Nadège alinipokea uani. Alifungua taulo, akakiangalia chuma, akapitisha kidole, akanusa. Akasema anaamini. Akasema hata Safi anaamini, aliamini tangu Jumapili.

"Basi amekasirikia nini?"

Yaya aliniangalia muda mrefu, kama anayesubiri mtoto amalize kujumlisha. Halafu akafunga taulo vizuri, akanirudishia. "Rudi kwa kazi yako, maître. Atakuja."

Safi hakutoka chumbani. Nilimsikia akikohoa. Nimerudi nyumbani na hasira, sijui ya nani. Nyumba ikiwa haina yeye hata redio inaudhi.

Jumatano, 17 Septemba

Kazi. Chuma kimelala robo tatu. Papa Hilaire ametuma ujumbe: anapanda mtumbwi wa Jumapili asubuhi kurudi kwao, atapita kesho kutwa jioni kuangalia.

Nimekula makayabu ya juzi, samaki wa chumvi. Simu ya Safi inalia, haichukuliwi.

Ijumaa, 19 Septemba

Papa Hilaire amepita. Ameweka kitako begani, amefumba macho, amekaa hivyo. Amesema ni kama mkono wa baba yake. Imebaki sehemu ya nyuma, mkia wa chuma, kugonga na kukwangua kwa siku moja. Nimemwambia kesho. Akaenda.

Nilikuwa nimechukua mchi nisage kipande cha mwisho wakati Safi alipoingia atelieni. Begi dogo mkononi. Alikaa kwenye benchi la randa bila kufuta vumbi, yeye ambaye hufuta hata kiti cha kanisa. Nilisema karibu. Nilisema pole, nilikuwa nimeiandaa ndefu, ikatoka fupi.

"Ile mabele, imebakia?"

Nikamwambia ndiyo, kipande kimoja, ila cha kazi ya kesho. Nilidhani anataka kukitupa, na ningemwachia akitupe.

Alinyoosha mkono. Nikampa. Akakipuliza vumbi la mbao, akakiuma, akatafuna polepole huku anatazama mlangoni. Kikavunjika kama biskuti. Akauma tena.

Mimi nilisimama na mchi mkononi. Nilifikiria rouge na harufu yake. Nilifikiria yaya Nadège na macho yake. Nilitaka kuuliza ni tangu lini, nilitaka kumshika, nilitaka kukaa chini. Nikakaa chini.

"Usiniulize," akasema. "Usihesabu. Na usiseme kwa mutu, hata kwa yaya, anajifanya hajui."

Nikasema sawa. Alimaliza kipande chote, akajifuta midomo, akauliza kama kuna kitu cha kula ndani ya nyumba ambacho si makayabu.

Sasa amelala. Hakuelekea ukuta. Naogopa mpaka nimeinuka mara mbili kusikiliza anavyopumua, na nimefurahi mpaka naona aibu, mambo mawili kwa wakati mmoja, sikujua mtu anaweza.

Lakini mabele yamekwisha. Mkia wa chuma bado haujakaa, na Papa Hilaire anakuja kesho jioni. Na Safi, kabla hajafumba macho, amesema nikipata yale meupe kabisa nilete mengi.

Kwa hiyo asubuhi narudi sokoni. Mama Chantal atakuwepo, Jumamosi hakosi. Ataweka mikono kiunoni, ataniuliza. Nitamjibu lile lile: ni ya bunduki. Wiki iliyopita lilikuwa kweli tupu na alicheka. Kesho litakuwa nusu ya kweli, na lazima aamini. Nimejaribu kulisema mbele ya kioo mara tatu, na kila mara uso wangu umecheka wenyewe.