Kiti ya roboti

Tatiana, uko wapi? Acha byote, soma hii kwanza.

Leo bamekuya kubomoa quartier yetu hapa Kolwezi, juu kampani inataka shaba yenye kuwa chini ya manyumba. DG mwenyewe, mukubwa wa kampani, aliogopa kuya. Alituma roboti! Fimbo ku magurudumu, juu yake écran kama ya televizio, mu écran sura yake, eko anacheka kule Lubumbashi ku baridi ya klima.

Na shefu wa quartier, ule mupumbafu, akapiga kelele: "Mupatieko mugeni kiti!"

Kiti, Tatiana. Ya roboti! Bakakamata kiti ya Mama Mbuyi, ile yenye alikuwa ameshatosha inje ya nyumba yake, bakaiweka pale. Na batu bazima bakasimama kuheshimia fimbo.

Mama Mbuyi akauliza: "Mugeni mwenye hana matako, atakalia nini?"

DG akajibu mu écran: "Mama, mi niko hapa pamoja na nyinyi."

Eti eko hapa!

Pale pale buludoza ikasukuma nyumba ya mama. Vumbi ikafunika kila mutu, ikafunika roboti. Na DG, kule kule Lubumbashi, akafumba macho, akatosha mouchoir mu mufuko, akafunga pua.

Akafunga pua, Tatiana! Vumbi ya Kolwezi!

Mama Mbuyi akapangusa écran na kitambala yake, polepole, mupaka ile sura ikaonekana tena.

"Kumbe kweli uko hapa, baba," akamuambia. "Basi niachie kiti yangu. Ni hiyo tu yenye imebakia."

Akaibeba ku kichwa, akaenda.