Kanda Zako Sizichomi, Shangazi

Shangazi Zuwena,

Umezikwa juzi tu, na tayari wanataka kukunyamazisha. Ndugu yako, Ami Nasor, alinijia nyumbani kwangu Khuwair baada ya khitma. Kwa upole kabisa akasema kanda zako zote za nyimbo zichomwe, maana kila zikipigwa dhambi inakufuata kaburini. Ungecheka. Kanda hizo hizo akizisikiliza garini, vioo kavipandisha.

Nimemkatalia.

Wewe ndiwe wa kwanza kwetu, katika nchi hii ya Waarabu, kusimama mbele ya watu ukaimba Kiswahili, mwanamke, mweusi, bila ya kujificha. Watu wa televisheni walipokupa tena na tena sehemu ya mjakazi, uliwaambia hurudi mpaka wakuandikie bibi mwenye nyumba. Hawakuandika. Hukurudi.

Na ile harusi ya Ruwi. Wapishi, wanawake waliovuka bahari kutoka bara kutafuta riziki, wamekalishwa nje na masufuria yao. Ngoma zimeanza, wewe kimya. Mama wa bibi harusi akadhani umesahau maneno. Ukamwambia, "Mwanangu, nna sauti ya kuwatosha wote. Waingie." Wakaingia, mikono inanuka vitunguu, wakakaa mbele. Ndipo ukaimba. Baada ya hapo nyumba ngapi ziliacha kukualika!

Wapishi hao walikuja msibani kwako kutoka Wadi Kabir. Unajua walikalishwa wapi? Mlangoni, penye viatu. Katika msiba wako, shangazi. Niliwainua mmoja mmoja nikawaleta kati, na wenye kununa wakanuna.

Kwa hivyo Ami aliponitajia dhambi, nilimuuliza: "Kama wimbo ni dhambi, Ami, kumkalisha mtu penye viatu ni nini?" Alisema atarudi Ijumaa na wanawe kuzichukua kanda.

Hoja zake nimezisoma vitabuni, na majibu ninayo. Lakini kuna kitu hoja hazikifikii. Katika kila kanda, kabla ya neno la kwanza, unavuta pumzi. Nasikia kifua chako kikijaa. Pumzi hiyo... nani ataitia moto? Si mimi.

Nakuombea kila sala, na nitaendelea. Mola akupokee kwa rehema zake. Nakuahidi kanda hazitoki nyumbani humu. Ijumaa nimewaalika wapishi wote, waje mapema, wajae sebuleni. Ami akizitaka, na apite katikati yao, huku wewe unaimba.

Wako,
Rahma