Alama Kwenye Mkono Wako wa Kushoto

Saada, mke wangu,

Naandika nikiwa nimekaa upande wako wa kitanda, maana ndio ulio karibu na mlango na miguu yangu haitaki tena safari ndefu. Ungenicheka: mwalimu aliyewarudishia watoto madaftari kwa sababu ya mwandiko mbaya, leo mistari yake inapanda na kushuka kama mtaa wetu baada ya mvua. Daktari wa moyo alizungumza nami kwa upole mno wiki iliyopita. Nawe unajua, daktari akianza upole, mtu ajiandae.

Kwa hiyo sitazunguka. Rukia anakuja leo baada ya alasiri. Nimemwita na Mwajuma, yule aliyekuuguza. Nilipomwambia binti yetu hilo kwenye simu, alisema, "Baba, yule mwanamke alimwacha mama yangu akaanguka. Mie simtaki machoni." Nikamwambia aje hivyo hivyo. Nina jambo la kuwaambia wote wawili, na kabla sijawaambia wao nataka nikuandikie wewe, ingawa wewe ndiye pekee uliyekuwapo.

Unakumbuka ilivyoanza? Hapana, huwezi kukumbuka, na hapo ndipo palipokuwa na msiba wenyewe. Ulitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Ukapotea njia ya sokoni uliyoipita maisha yako yote. Tukasema uzee. Dada zako wakasema umechezewa, ukanyweshwa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani. Mwisho daktari akatuambia ni ugonjwa wa ubongo, hauna kurudi nyuma, na vidonge vitasaidia kidogo tu. "Dawa kubwa ni mtu," alisema. "Mtu wa kuwa naye karibu muda wote, mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na asibishiwe."

Asibishiwe. Nililisikia neno hilo kwa masikio mawili na nikalipuuza kwa yote mawili.

Mwajuma alikuja kutoka Buguruni, mjane aliyekwisha kumuuguza mama mkwe wake kwa maradhi hayo hayo. Siku ya kwanza alikifunika kioo cha kabati kwa khanga, kwa sababu ulikuwa unagombana na yule bibi uliyemwona ndani yake. Nguo zako alizipanga kitandani kwa mfuatano wa kuvaliwa. Kukuogesha alianza miguuni, si kichwani, umejifunika khanga mwili mzima, yeye akimimina maji kwa kopo chini ya khanga na kukwambia kila mkono wake unakokwenda. Hukupiga kelele hata mara moja. Ulipodai chakula cha mchana dakika chache baada ya kula, alisema, "Kinaiva, mama," akakupa kipande cha papai. Mimi nikiwa barazani nilipaza sauti: "Umeshakula, Saada! Sahani yako hiyo hapo!" Nilikusahihisha kama daftari. Kila nilipokusahihisha ulilia, na kesho yake nilikusahihisha tena.

Halafu ukanisahau mimi.

Asubuhi ile ulivuta shuka mpaka kidevuni. "We mzee, toka! Mie mke wa mtu. Mume wangu akikukuta humu atakuvunja miguu." Nilicheka. Siku ya pili nilicheka kidogo. Siku ya tatu nilileta cheti cha ndoa na picha ya harusi. Ukaitazama picha, ukatabasamu, ukasema, "Huyu ndiye. We picha yake umeiba wapi?" Mwajuma jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Alipotulia akaniambia, "Mwalimu, usishindane naye. Piga hodi. Mwambie umetumwa na mumewe, anamsalimu. Atakupokea vizuri tu." Nikamjibu kwa ukali: mimi nipige hodi chumbani kwangu? Nijitume mwenyewe kwa mke wangu?

Sasa ndipo ninapoliona, Saada. Wewe uliyewafunda wanawali wa mtaa huu namna ya kuilinda heshima ya ndoa, akili imekutoka, majina yamekutoka, na bado ulikuwa unanilindia heshima yangu. Uliilinda dhidi yangu mimi mwenyewe. Nami niliona nimetukanwa.

Nifike kwenye siku yenyewe. Nimeshaweka kalamu chini mara mbili.

Mwajuma alifiwa na jirani yake, akaniomba ruhusa aende mazikoni. Nilimruhusu. Mimi, kwa mdomo wangu. Kabla ya kutoka alinisisitiza, "Akijichafua, muite Bi Tatu wa nyumba ya pili, au nisubirini. Usimwogeshe peke yako, Mwalimu. Ataogopa." Nikasema sawa.

Ulijichafua adhuhuri. Bi Tatu alikuwa uani kwake, nilimsikia akipepeta mchele. Sikumuita. Niliona aibu jirani akuone vile, au aone nilivyoshindwa. Sijui ni ipi kati ya hizo. Ulikuwa umesimama kwenye kona, khanga umeikumbatia kifuani. Nikakushika mkono wa kushoto. Ukasema, "Usinishike! Haramu!" Nikakuvuta. Ukapiga kelele kumwita mumeo, Saada, uliniita mimi kwa jina langu lote, na mimi nikawa nakupigia kelele usoni, "Ni mimi! Ni mimi hapa!" Tukafika kizingiti cha bafu. Ulikuwa unavuta kwa nguvu ambazo sikujua unazo.

Miaka yote hii nimewaambia watu uliteleza. Hukuteleza. Niliuachia mkono. Niliuachia ghafla, kwa hasira, wewe ukiwa unavuta. Nilijua utaanguka. Sikujua utaanguka vile.

Rukia alipofika, nilisema nilikuwa msikitini, nimerudi nikakukuta chini. Akauliza, "Mwajuma yuko wapi?" Nikajibu, "Ametoka." Sikuongeza kwamba nilimruhusu, wala kwamba alinionya. Nilimwacha mtoto wetu amalizie mwenyewe, akamalizia.

Siku tatu ulilala hospitali, ya nne ukaenda. Masheikh waliniambia mume anaruhusiwa kumuosha mkewe. Nikasema wanawake wakuoshe. Watu walidhani ni majonzi. Ukweli ni kwamba nisingeweza kuutazama ule mkono.

Mwajuma alikuja bila kuitwa. Rukia alimfukuza mlangoni mbele ya watu, lakini mkubwa wa waoshaji akasema, "Mwacheni, huyu ndiye anayeujua mwili wake," akamwingiza. Naye aliona. Alama za vidole vinne upande mmoja, ya kidole gumba upande mwingine. Nawe unaijua amana ya muoshaji, umeosha maiti wangapi mtaani hapa: jicho linaona, mdomo unafungwa mpaka kaburini. Alipotoka alipita karibu yangu penye mlango wa uani, akasema chini chini, "Mwalimu, niliyoyaona nimeyafunika. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake." Akaondoka na ndala zake mkononi.

Angesema neno moja tu angejisafisha. Hakusema, kwa sababu ya haki yako. Mimi nikajificha nyuma ya sanda yako.

Tangu hapo jina lake halijasimama. Kuna nyumba Mikocheni ina mzee mwenye maradhi kama yako. Walitaka kumchukua Mwajuma, Rukia akawaambia asichukuliwe. Sasa nasikia mzee yule hufungiwa chumbani mchana kutwa, kwa sababu hakuna anayejua kukaa naye. Hilo nalo ni langu. Uongo wangu haukuishia kwako.

Naogopa. Ni Rukia anayenikata kucha, anayenipimia dawa, anayenishika ninapoinuka. Akishasikia, huenda asirudi tena, na mimi sitakuwa na haki ya kumuita. Nilitaka kuiacha barua hii chini ya mto aisome nikishakufa. Lakini ukweli unaosemwa na maiti hauulizwi maswali, na Mwajuma anastahili kuniona nikiulizwa.

Geti limefunguliwa, Rukia amefika. Namsikia na Mwajuma akibisha hodi, sauti yake ile ile ya taratibu. Sijamsikia Rukia akimuamkia.

Pumzika, Saada. Sikuombi msamaha leo, sijamaliza bado kustahili kuuomba. Nakuahidi hili tu: sitasema uliteleza, sitasema nilikuwa msikitini, na Rukia akinitazama sitaangalia pembeni. Na nikibaki na uhai baada ya hapo, nitampigia simu mwenyewe yule mwenye nyumba ya Mikocheni.

Wameingia sebuleni. Nawaita.