Matairi ya Kiangazi

Câmpulung, 3 Oktoba

Mwanangu Domnica,

Hujambo huko Cluj? Kazi inakutendeaje, na kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonitangazia mvua kabla ya redio. Masikio nayo yamezidi kununa. Ukinipigia simu naambulia mvumo kama wa nyuki, kwa hiyo utaendelea kuvumilia mwandiko wangu. Jirani Paraschiva anakusalimu. Ameleta jamu ya plamu, nami nimekuwekea yote, isipokuwa ile niliyokwisha kula.

Sasa sikiliza safari yangu. Unamkumbuka Daktari Smaranda, yule wa meno, rafiki wa marehemu mama yako. Amestaafu, watoto wake wako Kanada, na ameamua kujinunulia gari zuri mara moja kabla hajafa. Hayo ni maneno yake, si yangu. Akaniomba nimsindikize, maana nani hapa mjini hajui kwamba Casian Ursache amekula mkate wa kuuza magari tangu nywele zikiwa nyeusi? Nikamwambia, "Twende kwa binti yangu, yeye ndiye mkuu wa wauzaji." Tukapanda treni kifua mbele. Kumbe wewe uko mkutanoni Ujerumani!

Mwanangu, nisikufiche. Yule binti wa mapokezi hakuinua uso kwenye simu yake mpaka Daktari alipopiga chafya. Tukaletewa kijana anaitwa Sergiu, suti safi, viatu vinang'aa, tableti mkononi. Nikamwomba atufungulie boneti. Akabonyeza mahali, kifuniko cha mafuta kikafunguka. Akabonyeza pengine, buti likainuka taratibu kama mtu anayeamka usingizini.

"Tunakaribia," Daktari akasema.

Kisha akamuuliza, "Hebu niambie mwanangu, hili la buluu na lile la kijivu yanatofautianaje?"

Kijana akatazama tableti, akatazama magari. "Lile, mama, ni la kijivu."

Nilicheka hadi treni ya kurudi. Lakini usiku... hapana, nisiandike ya usiku, utasema sipati usingizi. Niseme tu kwamba iliniuma. Enzi zetu hukumkaribia mteja kabla hujalala chini ya gari ukalijua kama mama anavyoujua mgongo wa mwanawe. Gari ghali namna ile, na anayeliuza hajui mdomo wake uko wapi!

Hata hivyo Daktari amelipenda la buluu, ameliagiza. Na kahawa yenu ni nzuri, hiyo nakiri.

Kula vizuri.
Baba yako


Cluj, 11 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, asante. Vaa ile soksi ya sufu kwenye goti, usiitunze kabatini kama sanda.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika. Unawasema hao kama vile si watu wangu. Baba, mambo yamebadilika. Mteja wa leo anakuja amekwisha kusoma kila kitu mtandaoni, anamjua hata fundi aliyekaza skrubu. Muuzaji naye anakaa miezi michache, anapata kazi kwenye kampuni ya simu, kwaheri. Zamani tulikuwa na wiki mbili za mafunzo kabla mtu hajasimama ukumbini. Bwana Lupșa, mkurugenzi wetu, amezifuta. Anasema, "Domnica, dada yangu, gari hili linajiuza lenyewe. Wewe nitafutie sura nzuri za kufungua mlango." Nilibisha. Sikubisha vya kutosha, labda. Ana wenye hisa juu ya kichwa chake, nami nina yeye juu ya changu.

Sergiu ni mtoto mzuri. Alikuwa anauza miwani. Ukimfokea anasahau hata jina lake, kwa hiyo ukija tena mwonee huruma.

Gari la Daktari nitamkabidhi mimi mwenyewe, mwambie asiwe na wasiwasi. Halafu baba, nina swali dogo: kwani siku hizi unamsindikiza Daktari kila mahali? Paraschiva ameniandikia kwamba mlionekana kwenye tamasha la uyoga.

Nakukumbatia.
Mwanao Domnica


Câmpulung, 2 Novemba

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Huku uzima upo, na theluji imeanza kuvaa vilele vya milima kama kofia. Hii barua nitaifanya fupi, nina kuni za kupasua.

Swali lako la uyoga sikuliona vizuri, miwani ilikuwa mbali.

Gari tumelichukua Jumanne. Hukuwepo tena! Wamesema Bwana Lupșa amekutuma Timișoara kwenye ufunguzi wa tawi. Basi alitukabidhi Sergiu. Kulikuwa na maua, utepe mwekundu, picha, kila kitu cha harusi isipokuwa padri. Alikuwa na haraka, wateja wengine wawili wamekaa wanamsubiri, jasho linamtoka maskini. Daktari akamuuliza kama matairi yanafaa kwa milima yetu. Akasema, "Ni ya majira yote, mama, usiwe na shaka." Akampa ufunguo, basi.

Ungemwona Daktari akiendesha! Amefunga kitambaa cha buluu shingoni kifanane na gari. Viti vina joto, unakaa kama paka juu ya jiko. Amezungumza na usukani njia nzima, nao ukamjibu. Ukamwelekeza kwenye shamba la ng'ombe, lakini ukamjibu.

Nimefurahi sana siku ile.
Baba yako


Cluj, 25 Novemba

Baba yangu,

Natumaini tangu niwaache hospitalini mmekula kitu cha maana na Daktari amepata usingizi. Mfupa wa mtulinga, hapo begani, katika umri wake unachukua muda, wamesema, lakini utaunga. Kila nikifumba macho naliona lile gari mle korongoni, pua chini, taa za nyuma bado zinawaka. Lingeteleza mita chache mbele zaidi tungekuwa tunaandikiana habari nyingine. Peke yake pale mlimani Tihuța, anakwenda zake kumwona dada yake!

Yalikuwa matairi ya kiangazi, baba. Mapana, ya mwendo kasi, kama lilivyotoka kiwandani. Kwenye baridi mpira ule unakuwa mgumu kama sahani, na juu ya theluji ni sahani kweli. Fundi wetu ndiye aliyenionyesha.

Nilimwita Sergiu. Nilimkuta stoo kati ya maboksi, analia. "Dada Domnica," akasema, "niliona alama ya jua na wingu ubavuni mwa tairi, nikadhani maana yake jua na mvua, yaani majira yote. Sikuwa na wa kumuuliza. Wewe ulikuwa Timișoara, wengine nao hawajui." Hiyo alama, baba, ni nembo tu ya mtengenezaji. Siku ile alikuwa katika wiki ya sita kazini. Ningemfokeaje? Ni mimi niliyemwacha asimame pale.

Sasa Bwana Lupșa ameniita. Mtu wa bima anakuja kuuliza maswali. Anataka niseme kwamba Daktari aliambiwa wazi kuwa matairi ni ya kiangazi, akashauriwa kununua mengine, akakataa kwa sababu ya gharama. "Mzee wa watu," anasema, "nani atamwamini? Hata yeye mwenyewe hakumbuki." Nisiposema hivyo, nitafute kazi nyingine. Nina mkopo wa nyumba, baba, unajua. Sijamjibu.

Kuna jambo jingine, nalo nakuuliza kwa upendo. Wewe uliyenifundisha kwamba gari linasomwa kuanzia chini. Wewe uliyepiga magoti barabarani siku ya mahafali yangu ukakagua matairi ya gari la mkuu wa shule. Ulikuwa pale siku ya kukabidhiwa, umesimama hatua moja tu. Ilikuwaje hukuona?

Mwanao


Câmpulung, 9 Desemba

Mwanangu Domnica,

Nimechelewa kukujibu. Afya yangu ni nzuri, si hiyo iliyonichelewesha. Nimeanza barua hii mara nyingi, na jiko limekula nyingi.

Sikuona matairi kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Sina jibu jingine. Alikuwa amesimama na maua mkononi, anacheka kama msichana wa shule, nami sikutazama kitu kingine pale ukumbini. Gari lingekuwa na magurudumu ya mbao nisingejua. Tangu mama yako atuache sikuwahi kudhani moyo huu una kazi nyingine zaidi ya kusukuma damu. Basi umepata kazi, na siku ileile ukaniharibia ile ya macho.

Nimemwambia Daktari habari ya matairi. Nilimwambia ningeweza kuinama tu, ningeona. Sikumwambia kwa nini sikuinama.

Habari ya Bwana Lupșa, sitakwambia la kufanya. Ni mkate wako, na mimi sili kwenye meza yako. Najua tu kwamba ukija hapa bila kazi, chumba chako kina kitanda, na Paraschiva ana kabichi za kuviringisha nyama za kutosha kulisha jeshi. Ukija nacho cheo, pia kitanda kipo.

Usinichukie kwa ajili ya mama yako.
Baba


Cluj, 22 Desemba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na heri ya sikukuu inayokuja. Mimi ni mzima. Nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Mtu wa bima alikuja Alhamisi. Mzee mmoja mpole, ana mafua. Tulikaa ofisini kwa Bwana Lupșa, na Bwana Lupșa mwenyewe amekaa kando yangu, ananimiminia maji kama shemeji.

"Mteja aliambiwa nini kuhusu matairi?" akauliza.

"Aliambiwa ni ya majira yote," nikasema.

Bwana Lupșa akaendelea kumimina, maji yakajaa, yakamwagika mezani.

"Nani alimwambia?"

"Muuzaji wetu. Alimwambia alichokiamini. Hakufundishwa, na mkuu wake ni mimi."

Mtu wa bima alipoondoka, Bwana Lupșa alinifokea hadi wateja wakaanza kutoka. "Nimekulea hapa miaka yote hii!" anasema. "Unanichoma kisu kwa ajili ya mwanamke mmoja na kigari kimoja!" Nikamwambia mwanamke huyo ametoka korongoni kwa miguu yake akiwa ameshika bega lililovunjika, na kwamba nilikaa kitandani pake nikashindwa kumtazama usoni. Sikutaka kushindwa tena.

Hakunifukuza. Nadhani aliogopa maneno. Kampuni italipa gari na hospitali. Lakini cheo amenivua. Nimerudi ukumbini kuuza kama nilivyoanza, meza karibu na mlango, mshahara umepungua, nitapangisha kile chumba cha pili. Nilidhani nitalia. Badala yake asubuhi ya kwanza nilimpeleka Sergiu karakana kabla hatujafungua, fundi akalinyanyua gari juu, tukasimama chini yake sote watatu na tochi. Aliuliza maswali mpaka fundi akamwomba apumzike. Juzi mteja mmoja alimuuliza jambo asilolijua, akasema, "Sijui, bwana, lakini nipe dakika nikamuulize anayejua." Mteja akampa mkono. Binti wa mapokezi naye ameanza kuja asubuhi. Anasema ni kwa ajili ya joto la karakana.

Sasa wewe. Baba, barua yako niliiweka kando siku tatu. Sikukasirika, ila nilijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta samani zimehamishwa. Kisha nikakumbuka nilivyokukuta hospitalini, umeshika glasi ya maji ya Daktari kwa mikono miwili, ukamnywesha, ukamfuta kidevu. Mama alikuuguza hivyo ulipokuwa na homa ya mapafu. Nikajiuliza, nani alikuwa anakushikia glasi miaka hii yote? Mimi niko Cluj nakuandikia uvae soksi.

Kwa hiyo acha kuniambia mimi. Mwambie yeye.

Mwanao akupendaye,
Domnica


Câmpulung, 8 Januari

Mwanangu mwema,

Mwaka huu ukukute na afya, na huo mlango ulio karibu na meza yako ukuletee watu wenye heri. Mimi nina afya kupita kiasi. Goti limenyamaza, sijui limeona haya.

Nimejivunia wewe. Nimesoma kile kipande cha maji yaliyomwagika kwa sauti, nikamsomea Paraschiva kupitia uani, na mbwa wake akasikiliza.

Nilimwambia Daktari siku ya Krismasi, baada ya supu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanikimbia yote. Nikabaki nimeshika kijiko.

"Casian," akasema, "nimekung'oa magego mawili na hukutetemeka hivi. Una nini?"

Nikamwambia nilichokuwa nakitazama siku ile ukumbini.

Akaweka kijiko chake chini. Akanitazama kama anavyotazama jino analofikiria kama litapona au ling'olewe. Kisha akasema, "Mwanaume mzima! Nimevunjika mfupa ndipo unaniambia? Ungesema kwenye tamasha la uyoga, ningekwenda kwa dada yangu nikiwa na mtu wa kunisomea barabara." Akaanza kucheka, akasema anaumia mtulinga, akaendelea kucheka. Mimi sijui kama nilicheka au nililia, supu ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Tutafunga ndoa baada ya Pasaka, bandeji ikitoka. Hataki kuolewa akiwa amefungwa kama kifurushi.

Lakini alitaka kwanza jambo moja, nalo tumelifanya juzi, sikukuu ya kubariki maji. Tulipanda makaburini, theluji hadi magotini, yeye amenishika kwa mkono mzima. Akafagia jiwe la mama yako kwa glavu yake. Akaniambia, "Sogea kando, haya ni ya wanawake." Nikasogea, ila upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu masikio yangu yakasikia kila neno.

"Viorica, dada yangu," alisema, "ninamchukua mzee wako. Unajua alivyo mbishi, unajua anavyokoroma. Nitamtunza. Siku ukimtaka utanidokeza, lakini usifanye haraka."

Akawasha mshumaa. Mkono wake mmoja haukutosha kuukinga, nikarudi, nikaweka wangu upande wa pili. Ukawaka vizuri.

Uje Pasaka, mwanangu. Tutakuwa stesheni, sote wawili.

Baba yako